Kabla Hujauza Visu vya Babu

Mchimbaji wa Macalder hahitaji kufundishwa jinsi bei ya dhahabu inavyopatikana. Anaweka punje zake kwenye mizani, mnunuzi anasoma gramu, wote wawili wanajua kuwa bei ya London ya siku hiyo imo ndani ya simu ya mmoja wao, na kinachobaki ni kugombania punguzo: mnunuzi akate kiasi gani kwa sababu dhahabu haijasafishwa na Nyatike iko mbali na Nairobi. Ugomvi huo huwa mkali, lakini una sakafu. Dhahabu haiwezi kuwa bure.

Visu vya kukunja havina sakafu hiyo. Seti ya visu sita ndani ya kisanduku cha mbao inaweza kununuliwa kwa bei ya sukari kilo chache na muuza samaki wa Sori anayetaka kitu cha kukatia kamba, na seti hiyo hiyo ikagombaniwa mnadani Uingereza na watu wawili ambao hawajawahi kulisikia jina la Sori. Wote hao ni wanunuzi halali, na kila mmoja ana sababu ya bei yake. Kwa hiyo mtu wa Migori au Homa Bay anapouliza visu vyake vina thamani gani, mimi humrudishia swali: unamuuzia nani? Kabla ya kulijibu hilo, tarakimu yoyote utakayopewa ni porojo, hata ikitoka kwa mtu anayejiita mtaalamu.

Visu vya namna hii vimo majumbani kuliko watu wanavyodhani, na si kwa bahati. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 na meli kama Winifred na Sybil zikaanza kuzunguka ziwa, Kendu Bay, Homa Bay na Karungu zikawa milango ya bidhaa za Ulaya. Waadventista walifika Gendia mwaka 1906. Miaka ya 1930 wakaja watafuta dhahabu. Vijana wa Nyanza Kusini wakachukuliwa katika vita viwili, kwanza wengi wao kama wapagazi wa Kariokor, kisha kama askari wa King's African Rifles (KAR) waliofika hadi Burma mwaka 1944. Siku hizi kuna njia nyingine tena: jamaa aliyeko Marekani anayetuma sanduku la vitu alivyorithi kwa mwajiri wake mzee. Kila njia ilileta aina yake ya kisu. Ukijua kisu chako kilipita njia gani, umeshapunguza nusu ya kazi.

Nusu nyingine imeandikwa kwenye chuma. Fungua bapa polepole, tafuta mwanga wa dirishani, tazama shina la bapa karibu na bawaba. Hapo ndipo watengenezaji hupiga chapa. Herufi zikiwa hafifu, usizisugue. Piga picha mwanga ukiwa unatoka ubavuni, herufi zitajitokeza zenyewe.

Chapa husema ukweli kuliko ukoo. Familia nyingi za upande wa mpaka zina simulizi la kisu kilichoachwa na Mjerumani mwaka 1914, na simulizi hilo si la kipuuzi, kwa sababu Septemba ya mwaka huo Wajerumani walivuka mpaka kweli wakapigana na Waingereza pale Kisii. Lakini kisu kikiwa na neno Rostfrei au Inox, simulizi limekufa. Chuma kisichoshika kutu kilipatikana Sheffield mwaka 1913 mikononi mwa Harry Brearley, na kilichukua miaka kadhaa kabla ya kuingia kwenye visu vya mfukoni vya watu wa kawaida. Kiwanda cha Karl Elsener kule Ibach, Uswisi, kilichoanza mwaka 1884, kilichukua jina la Victoria, mamake Elsener, mwaka 1909, na ni mwaka 1921 tu ndipo jina hilo lilipounganishwa na inox likawa Victorinox. Kisu chenye jina la Victorinox hakikuwepo mfukoni mwa askari yeyote wa Vita vya Kwanza. Vivyo hivyo, kikiandikwa West Germany, kimetengenezwa baada ya 1949 na kabla ya Ujerumani kuungana mwaka 1990. Na kisu kilichopigwa jina la nchi, kama England au Germany, kwa kawaida ni cha 1891 au baadaye, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa zinazoingia huko kutaja zilikotoka, na viwanda vingi vikaona ni rahisi kupiga chapa moja kwa masoko yote.

Wamarekani ndio waliotufanyia kazi iwe nyepesi kabisa. Kampuni ya W.R. Case, ya Bradford, Pennsylvania, ilianza mwaka 1970 kuweka nukta kumi chini ya jina lake, kisha ikaondoa nukta moja kila mwaka. Kisu chenye nukta saba cha mfululizo huo ni cha 1973. Chenye CASE XX na USA bila nukta ni cha 1965 hadi 1969. Chenye CASE XX peke yake huwa cha kati ya 1940 na 1964, na wakusanyaji hukitafuta sana. Ukipata sanduku lililotumwa na jamaa kutoka Ohio au Texas, anza kwa kuhesabu nukta.

Kwa visu vya Sheffield, jina kubwa ni Joseph Rodgers, lenye nyota na msalaba wa Malta, alama ambayo kampuni hiyo ilipewa mwaka 1764. Hapa tahadhari ni ya lazima. Jina la Rodgers liliigwa sana, mara nyingine kwa kubadilisha herufi moja tu, kwa kuwa liliaminika katika masoko yote ya makoloni. Soma kila herufi. Ukiona nyota na msalaba lakini jina lina kasoro, una kisu cha kukatia embe.

Kisha kuna Okapi. Hiki ndicho kisu cha Kiafrika kati ya visu vya Wazungu: kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, mahsusi kwa soko la makoloni ya Afrika, mwaka mmoja tu baada ya wanasayansi wa Ulaya kumtangaza mnyama okapi wa misitu ya Ituri. Mpini wake mrefu wenye nyota na miezi ya bati unatambulika hata na asiyejua kusoma. Mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini. Vya Solingen vina wakusanyaji wake, vya Afrika Kusini bado vinauzwa vipya kwa bei ndogo, na tofauti kati ya viwili hivyo ni neno moja kwenye bapa. Nadhani Okapi za zamani bado zinathaminiwa chini ya stahili yake, kwa sababu waandishi wa vitabu vya bei ni Wamarekani na Waingereza, na kisu hiki hakikuwa chao.

Sasa tuje kwenye seti yenyewe, ambako ndiko watu hupoteza pesa.

Seti si idadi ya visu. Kuna seti iliyotoka kiwandani pamoja, kuna mkusanyiko alioujenga mzee mwenyewe kwa miaka, na kuna visu visivyohusiana ambavyo mfanyabiashara alivipanga kwenye kisanduku kizuri ili vionekane ndugu. Ya kwanza ina thamani kubwa kuliko jumla ya visu vyake. Ya pili ina thamani ya jumla tu, isipokuwa mzee mwenyewe awe na karatasi zinazomtambulisha. Ya tatu ina thamani ya kisanduku.

Jinsi ya kuzitofautisha: toa visu vyote, tazama kitambaa kilichobaki. Kwenye seti ya asili, kitambaa chini ya kila kisu huwa na rangi iliyokolea kuliko pembeni, na kivuli hicho huwa na umbo la kisu chenyewe. Umbo likiwa la kitu kingine, kisu kimebadilishwa. Angalia kama namba za mfululizo zinalingana, kama ribiti za mipini zimechakaa sawa, kama chapa zote ni za kipindi kimoja. Kisu kimoja chenye nukta nne katikati ya visu vyenye nukta tisa ni mgeni, hata akikaa vizuri kwenye nafasi yake.

Kupungua kwa kisu kimoja hakupunguzi sehemu moja ya bei. Mkusanyaji wa seti analipia ukamilifu, na ukamilifu hauna robo tatu. Seti ya sita iliyobaki na vitano mara nyingi huuzwa kama visu vitano vya kawaida. Na huku kwetu seti huvunjika kwa njia moja inayojulikana. Mzee anazikwa, vitu vyake vinagawiwa, kila mtoto wa kiume anapewa kisu kimoja cha kumkumbuka baba. Ni jambo la heshima na sina ugomvi nalo. Ila baada ya miaka kumi, kisu cha kwanza kiko Oyugis ndani ya droo, cha pili kiko Ndhiwa kinahasi ndume, cha tatu kilipotelea Nairobi, na aliyebaki na kisanduku ndiye anayetaka kujua bei. Kama bado hamjagawana, pimeni thamani kwanza, kisha mgawane pesa au mkubaliane kwa pamoja kutouza. Kama mmeshagawana, nenda Ndhiwa na kisu kipya kizuri mkononi, mwombe baba mdogo mbadilishane. Atacheka, lakini ng'ombe hajali nukta.

Na kabla ya yote hayo, hakikisheni mwenye kuuza ana haki ya kuuza. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamkataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini, na nyumba ya mnada yenye heshima itauliza umiliki ulikufikiaje. Makubaliano ya maandishi yaliyosainiwa na ndugu wote yanazuia simu nyingi za usiku.

Kuhusu hali ya kisu, wakusanyaji wa Marekani wana ngazi wanazozifuata: kisichotumika kabisa, kilichokaribia hapo, kizuri sana ambacho bapa lake limelika kama asilimia 10, kizuri ambacho limelika kama asilimia 25, cha wastani kilicholika nusu, na kibovu. Bei haishuki kwa mteremko sawa. Kutoka ngazi ya kwanza kwenda ya tatu mara nyingi nusu ya thamani imekwenda. Bapa lililolika hutambulika kwa kulinganisha upana wake na sehemu ya chini isiyofikiwa na jiwe la kunolea. Sikiliza pia: springi nzuri hulifunga bapa kwa mlio mkavu, na bapa likifunguliwa halichezi kushoto wala kulia.

Hapa kwenye ukanda wa ziwa, adui ni hewa yenyewe. Unyevu wa Homa Bay hula chuma kilichofungiwa, na ala ya ngozi huongeza madhara kwa sababu dawa zilizotumika kulainisha ngozi huchubua bapa. Hifadhi kisu nje ya ala. Mipini ya seluloidi, ile ya rangi za kung'aa inayofanana na gamba la kobe au lulu, ni hatari ya aina yake: ikizeeka hutoa mvuke wenye asidi unaoshambulia visu vya jirani. Ukiona kisu kimoja kwenye kisanduku kimeota kutu ya ajabu na harufu kali inatoka, mtenge mkosaji leo hii.

Lakini uharibifu mkubwa kuliko wa ziwa hufanywa na mikono yenye nia njema. Mtu anataka kisu kipendeze kabla ya kukipiga picha, anakipeleka kwa fundi wa jua kali mjini Migori, fundi anakipitisha kwenye mashine, kinarudi kinang'aa kama kijiko cha harusi. Bei imekwisha. Rangi ya kijivu iliyokolea kwenye chuma cha zamani ni ushahidi wa umri, na mkusanyaji hulipia hiyo. Kutu nyekundu inayoendelea kula ndiyo pekee inayoguswa, kwa kitambaa laini na mafuta mepesi ya mashine. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda.

Mpini unahitaji tahadhari nyingine, ya kisheria. Mpini mweupe wenye mistari inayokatana kama nyavu kwenye ncha yake ni pembe ya ndovu. Wenye vitone na vijishimo vidogo ni mfupa. Ukiwa ni mfupa, endelea. Ukiwa ni pembe ya ndovu, thamani yake nchini Kenya ni sifuri, na kukaa nao bila kibali ni kosa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ina faini za mamilioni ya shilingi na vifungo virefu, na haina msamaha kwa neno "nimerithi". Nchi iliyochoma tani 105 za pembe mwaka 2016 mbele ya dunia nzima haitakuonea huruma kwa sababu yako ni sentimita kumi. Usitangaze picha, usitafute mnunuzi. Wasiliana na wakili, kisha Shirika la Wanyamapori, KWS. Kwa watu wa Homa Bay ofisi ya karibu iko Hifadhi ya Ruma, bondeni Lambwe. Mipini ya pembe za wanyama wengine wa porini nayo iulizie kabla ya kuisafirisha.

Tukifika kwenye tarakimu, kanuni ni moja: bei iliyoombwa si bei. Mtu anaweza kuandika dola 900 kwenye kisu na kukaa nacho hadi wajukuu. Unachotafuta ni mauzo yaliyokamilika, na minada mingi ya mtandaoni, eBay ikiwemo, ina sehemu ya kuchuja vilivyouzwa pekee. Kusanya mauzo kadhaa ya kisu kilekile, chapa ileile, hali ileile. Tupa la juu kabisa, ambalo huenda lilitokana na watu wawili wakaidi, na la chini kabisa, ambalo picha zake zilikuwa mbaya. Soma katikati.

Halafu punguza. Tuseme seti kama yako imeripotiwa kuuzwa London kwa pauni 250. Mara nyingi tarakimu hiyo ina ada ya mnunuzi ndani yake, tuseme asilimia 25, hivyo nyundo iligonga kwenye pauni 200. Nyumba ya mnada ikikata muuzaji asilimia 15, zimebaki 170. Usafirishaji wenye bima kutoka Kenya, na gharama za kupokea pesa, tuseme 45. Mkononi mwako ni pauni 125, nusu ya ile uliyoiona, baada ya kusubiri miezi. Basi dalali wa Nairobi akikupa pauni 110 leo, si mwizi. Nimesikia watu wakimfukuza dalali wa namna hiyo kwa matusi, na mimi ningemkaribisha chai. Mwizi ni yule anayekataa kukwambia chapa inasema nini.

Simulizi la mzee linaongeza bei pale tu linapokuwa na karatasi. Kisu cha jeshi la Uingereza chenye alama ya mshale na mwaka uliopigwa kwenye chuma ni cha kawaida, vilitengenezwa kwa wingi mno. Kisu hicho hicho kikiwa na kitabu cha kuachishwa jeshi cha askari wa KAR, picha yake, na kipande chake cha utambulisho ndani ya kibweta cha bati, kinabadilika. Wakati huo huuzi kisu tena, unauza maisha ya mtu mmoja yaliyothibitishwa, na nisingependa vitenganishwe. Mwenye vitu kama hivyo azungumze kwanza na Makumbusho ya Kisumu, hata kama lengo ni kuuza, maana maelezo watakayoandika yatakuwa ushahidi.

Kinyume chake, seti zilizotengenezwa ili zikusanywe, zile zenye vyeti, tai wa dhahabu na sanduku linalong'aa, kama za Franklin Mint, huwavunja moyo wenye nazo. Ziliuzwa ghali, zikatunzwa na kila aliyenunua, kwa hiyo zimejaa. Uhaba hutokana na vitu kutumiwa na kutupwa. Seti za namna hiyo ziuze mapema, kwa bei yoyote ya haki, na usiongeze hata shilingi kwa ajili ya cheti.

Kwa kisu cha zamani sana kuna swali la kibali. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na kitu hicho hakitoki nchini bila idhini. Visu vya kukunja vichache vitafika huko, lakini visu vya wahunzi wa Kijaluo na wa Kikuria, vilivyofuliwa nyumbani, vinaweza. Watu wa Migori, ambao Thimlich Ohinga yao iliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2018, wanajua jinsi kitu kilichodharauliwa kinavyoweza kugeuka urithi wa dunia.

Ukiamua kupeleka mnadani, omba bei ya akiba iandikwe, ambayo seti haitauzwa chini yake, na uiweke pale ambapo, baada ya makato yote, utabaki na ile tarakimu ya dalali wa Nairobi, si kwenye ndoto ya pauni 250. Uliza ada ya kurudisha mzigo usiouzwa ni kiasi gani, maana hapo ndipo wengi huachia seti kwa hasira. Visu vipigiwe picha kimoja kimoja, vikiwa wazi na vikiwa vimefungwa, pande zote mbili, chapa ikisomeka, kabla havijatoka mikononi mwako. Na visafiri kama mzigo uliotangazwa, kwa sababu mkoba wa mkononi wenye kisu cha kukunja hautavuka ukaguzi wa Kisumu wala wa Nairobi, na kitu kilichonyang'anywa uwanja wa ndege hakina mnada.